Ukurasa wa Msomaji Mmoja

Kazi yangu ni kutengeneza kile ambacho mtu anakiona kwenye tovuti. Wenzangu wanahangaika na huko nyuma, kwenye seva na mahali taarifa zinapotunzwa. Mimi nakaa mbele, kwenye rangi, herufi, vitufe, na nafasi kati ya kitu na kitu. Mama yangu, akiulizwa na majirani zake wa Tandika mwanao anafanya kazi gani, hujibu, "Anapaka rangi kwenye simu." Zamani jibu hilo lilikuwa linaniudhi sana. Siku hizi naona kwamba katika maelezo yote niliyowahi kusikia kuhusu kazi yangu, yakiwemo yale niliyoandika mwenyewe nikiomba ajira, hilo ndilo la kweli kuliko yote.

Kwa zaidi ya miaka miwili nilikuwa na ukurasa mmoja mtandaoni wenye msomaji mmoja. Sitii chumvi. Niliuwekea kihesabio, na kila asubuhi, kwenye saa kumi na mbili na nusu, kilitoka sifuri kikawa moja, kisha kikatulia hadi kesho yake. Nilikuwa nakaa kitandani na kompyuta mapajani nikiisubiri ile moja. Ikishafika ndipo nilipoinuka nikapiga mswaki.

Ukurasa huo nilimtengenezea mwanamke niliyempenda. Alikuwa amepanga nyumba ya tatu kutoka kwangu, hapa Sinza, kwenye mtaa ambao kila baada ya nyumba mbili kuna baa na kila baa ina gesti yake. Alikuwa karani kwenye ofisi ya mizigo Ubungo. Asubuhi kabla ya kazi, na mchana akiwa anakula, alikuwa ananunua na kuuza bitkoini, ile hela isiyoshikika ambayo bei yake hupanda na kushuka kama joto la mtoto mwenye malaria. Biashara yenyewe sikuwahi kuipenda. Nilipenda kumwangalia akiifanya, maana hakuwa na papara. "Usinunue ukiwa na njaa, usiuze ukiwa na hasira," aliniambia siku za mwanzo, nami ninayekasirika hata na kitufe kisichokaa katikati, nikajua papo hapo kwamba mimi si mtu wa soko.

Shida yake ilikuwa simu. Ilikuwa imechoka, kioo chake kimepasuka kwenye kona ya juu, ufa umekaa kama mguu wa kuku. Programu za kuonyesha bei zilikuwa nzito mno kwake. Zilikuja na michoro, habari, matangazo, na mpaka zimalize kufunguka, bando limekata.

"Mie sitaki maua," aliniambia siku moja. "Nataka nijue kitu kimoja tu. Imepanda au imeshuka?"

Niliifanya kazi ile wiki nzima, na mpaka leo sijatengeneza kitu kizuri kuliko kile. Ukurasa mzima ulikuwa faili moja. Haukuwa na picha hata moja. Herufi nilitumia zilezile zilizomo ndani ya simu, ili isilazimike kupakua nyingine, nikazifanya kubwa na nyeusi tii kwa sababu alikuwa anausoma akiwa amesimama juani. Bei ilikaa katikati, na nyuma yake ukurasa wote ulibadilika rangi: kijani kama bei imeipita ya jana saa ileile, nyekundu kama imeshuka. Hakuhitaji hata kusoma. Angeweza kuchungulia simu ndani ya mkoba na akajua.

Tulibishana jambo moja tu. Mimi nilitaka mtandao ukigoma ukurasa uonyeshe bei ya mwisho uliyoipata, maana fundi yeyote wa upande wa mbele anafundishwa hivyo: usimwachie mtu kioo kitupu. Yeye akakataa katakata. "Bei ya jana ni uongo," alisema. "Kama hujui, nyamaza." Basi nikauagiza ukurasa kwamba ukikosa bei ubaki mweupe, na kistari kimoja katikati.

Juu ya bei nikaacha nafasi ya mstari mmoja wa maneno. Huo haukuwa wa soko, ulikuwa wangu. Kila jioni nikitoka kazini niliuandika upya, ili akiamka auone kabla ya bei. Umeamkaje? Kunywa maji kwanza. Au: Leo kuna mvua, usivae viatu vya kitambaa. Au, siku tuliyokuwa tumenuniana: Bado nimenuna, lakini umeamkaje? Hakuwahi kunijibu kwa maandishi. Alikuwa anapita dirishani kwangu akienda kituoni, anagonga wavu mara mbili kwa ukucha, anaendelea na safari. Ninapoandika haya nausikia ukucha ule.

Kisha akapata kazi Dubai, kwenye ofisi inayonunua na kuuza hizo sarafu, akaniambia twende wote. Kazi yangu inafanyika popote penye umeme, kwa hiyo sikuwa na sababu. Nilikuwa na woga. Niliogopa kuwa mtu asiye na mtaa, asiyejua chapati nzuri inapatikana wapi, na badala ya kusema naogopa, nikasema, "Siwezi kumwacha mama peke yake."

Alijua, kama nilivyojua mimi, kwamba mama nilikuwa simwoni ila Idi mbili na siku nikiitwa msibani. Kutoka Sinza mpaka Tandika nilikuwa naiona kama safari ya kwenda Kigoma. Hakubishana nami. Alisema tu, "Sawa. Basi mkae vizuri."

Siku ya kuondoka aliniomba tusiandikiane kwa muda, kila mtu apone kwanza. Nilikubali kama mwanaume, yaani kwa mdomo.

Asubuhi ya pili baada ya safari yake nilifungua kompyuta nikiwa na nia ya kuufuta ule ukurasa. Kihesabio kilikuwa kimesoma moja.

Hapa nieleze ufundi kidogo, kwa sababu ndio ulioniponza. Nilipoutengeneza ukurasa, niliuagiza uache alama ndogo ndani ya simu inayoufungua, ili simu hiyo ikirudi itambulike. Alama aliyoipata yeye siku ya kwanza ilikuwa imeandikwa kwangu, na iliyofungua asubuhi ile ilikuwa ni ileile. Haikuwa simu nyingine. Ilikuwa simu yake, yenye ufa wa mguu wa kuku, saa kumi na mbili na nusu kwetu, saa moja na nusu kwao Dubai, saa ya mtu kuamka kwenda kazini. Kihesabio hakikuuliza simu iko nchi gani. Ningeweza kukiongezea hilo kwa mistari mitatu tu, na sikukiongezea. Nadhani niliogopa.

Badala ya kuufuta ukurasa, nikaandika mstari mpya. Hukuniambia kama umefika salama, lakini nimekuona.

Kesho yake, moja. Keshokutwa, moja. Hajaniandikia, hajanipigia, lakini kila asubuhi kabla ya kitu chochote anafungua ukurasa wangu. Nikajiambia bei anaweza kuipata popote, tena kwenye ofisi kama ile imejaa kwenye makioo ya ukutani. Huyu anakuja kwa ajili ya mstari. Basi nikaanza kuandika kweli. Nimepika wali nimeuunguza, ungekuwepo ungenicheka. Nilisema maneno ya woga siku ile, nisamehe. Nyumba imekuwa kubwa. Siku moja niliandika: Leo nimesikia harufu ya mafuta yako ya nywele, nikageuka njiani, hukuwa wewe. Asubuhi yake ile moja ilipofika nilifurahi na kuumia kwa pamoja, kama mtu anayekuna kidonda.

Wakati huo nilikuwa nimeajiriwa Mikocheni, kwenye ofisi iliyobanwa kati ya nyumba za watu na karakana ya kuchomelea mageti. Mteja mmoja alitaka tovuti yake imtambue kila anayerudi na kumkaribisha kwa jina. Nilisimama kwenye kikao nikamkatalia kwa madaha. "Hapa kwetu simu si mtu," nilisema. "Simu inaanza kwa braza, ikichoka anapewa mdogo mtu, kioo kikipasuka inakwenda kwa shangazi. Ukijidai unamjua mwenye simu, utamsalimia shangazi kwa jina la braza." Watu walicheka, bosi akaniunga mkono, mteja akaandika kwenye daftari lake. Kesho yake saa kumi na mbili na nusu nilikuwa kitandani, nasubiri simu ambayo mwenye nayo namjua.

Mama alikuwa na mtindo wake wa kunipigia. Wiki nzima kimya, halafu ghafla, kabla sijanywa chai, kiswaswadu chake, kile kisimu cha vitufe, kinanipigia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Umeamkaje? Unaumwa?"

"Siumwi."

"Kichwa? Tumbo?"

"Mama, mie mzima kabisa, najiandaa kwenda kazini."

"Haya. Nakuombea dua."

Siku nyingine alinipigia hivyo siku tatu mfululizo, kisha akanyamaza nusu mwezi. Nilikuja kugundua kwamba anapiga siku ambazo soko limeshuka. Niliona ni kichekesho kizuri, nikawasimulia wenzangu ofisini: mama yangu akinipigia tu, bitkoini inaanguka, kwa hiyo wenye sarafu zenu mchangieni hela ili asipige. Tulicheka sana. Hakuna hata mmoja wetu, na sote tulikuwa watu wa kompyuta, aliyejiuliza mwanamke wa Tandika asiyejua bitkoini ni dude gani anaifuata vipi.

Mwaka wa pili soko lilianguka vibaya. Ukurasa ukawa mwekundu siku tisa bila kupumzika, na mama akapiga siku zote tisa. Nami nilikuwa namfikiria yule wa Dubai, jinsi alivyo peke yake na hasara zake, hana wa kumkumbusha asiuze akiwa na hasira. Alhamisi jioni nikashindwa kujizuia. Nikaandika: Njoo Jumamosi, hata kwa siku moja. Nitakuwa nyumbani.

Najua. Mtu hapandi ndege kutoka Dubai kwa mstari mmoja wa maneno. Lakini Ijumaa kihesabio kilisoma moja, Jumamosi alfajiri kikasoma moja, nami nikafagia mpaka chini ya kitanda, nikanunua samaki, changu wawili wakubwa, nikavaa shati alilokuwa analipenda, nikakaa.

Saa nne mlango ukagongwa. Nilikimbia nusura nijikwae. Alikuwa mama.

Alikuwa amejitanda baibui lake la kutokea, hotipoti mkono mmoja na chupa ya chai mkono mwingine, jasho linamtiririka. Tangu nihamie Sinza hakuwahi kufika kwangu. Alikuwa anasema mtaa wa mabaa haumfai mtu mzima. Kabla sijamwamkia aliweka vitu chini akanigusa paji la uso kwa mgongo wa mkono.

"Joto huna," alisema.

"Mama, mbona umekuja bila kusema?"

"Si umeniita?"

Nikacheka. Nilidhani ni yale maneno ya wazazi, kwamba damu imemwita, moyo umemwambia. Nilimkaribisha, nikanywa uji wake wa pilipili manga, lakini macho yangu yalikuwa mlangoni na mguu ulikuwa unatikisika chini ya meza. Aliuliza kuhusu shati. Aliuliza kuhusu samaki, mbona wawili na mimi niko peke yangu. Nikamwambia nina mgeni wa kikazi anakuja muda si mrefu. Haikufika hata saa moja nikamtafutia bajaji.

Akiwa ameshakaa ndani yake alinishika vidole, akasema, "Basi mie nimeshakuona. Inatosha."

Mgeni wangu hakuja. Samaki mmoja nilimla jioni, wa pili akaharibika.

Miezi kadhaa baadaye ikaja asubuhi ninayotaka kuisimulia. Bei nilikuwa naiazima kutoka kwenye huduma ya bure ya watu fulani huko mtandaoni, na asubuhi hiyo walifunga mlango wao bila kuaga. Nilifungua kompyuta nikakuta ukurasa wangu mweupe, kistari katikati, kama tulivyokubaliana mimi na yeye. Mstari wangu wa juu nao haukuwepo, kwa sababu kwa uvivu nilikuwa nimeufunga pamoja na bei: hiki kisipokuja, na kile hakiji.

Saa kumi na mbili na nusu kihesabio kikasoma moja. Pembeni yake nilikuwa na tarakimu nyingine ndogo, inayoonyesha simu ileile imefungua mara ngapi. Siku zote ilikuwa moja au mbili. Ikasoma nne. Ikasoma tisa. Nilikodoa macho. Kumi na saba. Alikuwa anafungua, anafunga, anafungua tena. Siwezi kuficha furaha niliyoipata. Mtu haoni bei, kwa nini asiende kuitafuta kwingine? Anataka yangu. Ananitafuta mimi.

Simu yangu ikaita. Mama. Nikaikata, nikaanza kutafuta mahali pengine pa kuazima bei. Ikaita tena, nikaizima sauti na kuilaza kifudifudi. Nilikuwa naandika kwa kasi ambayo ofisini hawajawahi kuiona. Nikapata huduma nyingine, nikaiunganisha, nikaijaribu, ikagoma, nikaijaribu tena. Kioo cha simu kilikuwa kinawaka na kuzimika pale kitandani, nami nikakifunika na mto.

Baada ya karibu dakika arobaini bei ikatokea, na ukurasa ukajaa kijani. Tarakimu ilikuwa imefika thelathini na moja. Ikawa thelathini na mbili, ikasimama. Nikasubiri. Haikusogea tena. Alikuwa ameona, akatulia. Nikajiegemeza ukutani nikasema kwa sauti, "Niko hapa." Nilisema peke yangu chumbani, mtu mzima, na machozi yakanitoka.

Nilipotoa simu chini ya mto nilikuta mama amepiga mara kumi na moja. Nikampigia huku nikijiandaa kumkemea kwa adabu.

"Shikamoo ma—"

"Alhamdulillahi," alisema. Pumzi ilikuwa inampaa. "Alhamdulillahi, alhamdulillahi. Nimeona umerudi kijani."

"Nimerudi nini?"

"Kijani, baba. Ulikuwa mweupe. Mweupe pee, na mstari. Siku zote unakuwaga kijani, ukiumwa unakuwa mwekundu, lakini mweupe sijapata kukuona. Na simu hupokei. Nikasema mwanangu amekufa."

Sikwenda kazini siku hiyo. Nilikwenda Tandika.

Mama hakuona kwamba kuna la kuficha. Alifungua kabati la vyombo, akatoa kifurushi cha kanga, akakifungua fundo, na ndani yake kulikuwa na simu yenye ufa wa mguu wa kuku kwenye kona ya juu. Yule binti, mpenzi wangu, aliileta mwenyewe, siku mbili kabla ya kusafiri. Alikuwa amenunua nyingine, sikujua. Alimwonyesha mama mahali pa kubonyeza na namna ya kuweka bando. Akamwambia, "Mama, mwanao hawezi kuja kila siku, lakini kila siku anaandika. Fungua hapa asubuhi utamwona." Mama alimuuliza kwa nini asiichukue mwenyewe simu nzuri kama hii. Akajibu, "Mwanao amebaki kwa ajili yako. Basi na maneno yake yabaki na wewe."

Hivyo ndivyo alivyofanya na uongo wangu. Hakunigombeza. Aliuchukua akaupeleka Tandika, ukawa kweli.

Yale ya kijani na nyekundu mama aliyapanga mwenyewe. Namba ya katikati hakuijua, alidhani ni mambo ya kampuni ya simu. Lakini maneno ya juu yalikuwa yangu, aliniambia, na rangi kazi yangu, kwa hiyo rangi ni mimi. Ukiwa mwekundu ananipigia, asiponisadiki anaswali rakaa mbili. Zile siku tisa alifunga. Ilipotokea Njoo Jumamosi akajua nimezidiwa, naona aibu kusema kwenye simu.

"Nikakukuta na shati la harusi na samaki," alisema akicheka. "Nikasema alhamdulillahi, amepona kabla sijafika."

Alikuwa ameikariri mistari mingi. Ule wa kuomba msamaha alikuwa amenisamehe siku ileile, ingawa hakujua ni kosa gani. Mwana hakosi la kusamehewa, alisema. Ule wa mafuta ya nywele ndio uliomshangaza. "Mafuta ya nazi bwana, Dar nzima tunapaka. Utageuka njiani mpaka shingo ikatike." Kitu kimoja tu kilimkera, akanieleza kwa upole, kama anayeomba radhi. Miaka miwili namwandikia kila siku na sijamwamkia hata mara moja. Hakuna shikamoo. Alidhani ndio mtindo wa kwenye simu.

Sikumwambia. Nilikaa kwenye mkeka wake na simu ile mkononi, nikipitisha kidole juu ya ufa, na nilikuwa naumwa kweli, sehemu mbili. Moja, mwanamke niliyempenda hakuwahi kuufungua ukurasa wangu tangu siku aliyoondoka. Wala mara moja. Nilimpoteza upya pale mkekani, miaka miwili baada ya watu wengine wote kujua kwamba ameshakwenda. Ya pili ni kwamba nilikuwa nimeshindwa hata kukaa na mama saa moja chumbani kwangu, kwa sababu nilikuwa namsubiri msomaji wangu.

Jioni niliporudi Sinza nilikaa mbele ya ule mstari nisijue niandike nini. Kumwandikia mtu usiyejua ni nani ni rahisi. Mwishowe nikaandika: Shikamoo mama. Asubuhi, moja.

Kisha nikafanya kosa jingine, la huruma safari hii. Sikutaka afunge na kuswali kwa sababu matajiri wa mbali wameuza sarafu zao. Nikafuta amri ya rangi nyekundu. Mstari mmoja tu, umetoka. Bei ipande, ishuke, ukurasa ni kijani.

Mama akaacha kunipigia. Kwa nini apige? Mwanawe mzima. Kila asubuhi kihesabio kilisoma moja na simu ikabaki kimya, siku, wiki, mwezi. Nilikuwa nakunywa chai nikiitazama. Nilikuwa nimezoea kukatiza sauti ile, kuikemea kwa adabu, kuificha chini ya mto, na sasa nilikuwa naitamani kuliko nilivyowahi kuutamani ule ukucha dirishani. Nilitamani kuulizwa kichwa, tumbo. Ningeweza kupiga mimi, najua. Nilipiga. Akapokea kwa furaha, akasema nakuona mzima baba, endelea na kazi, akakata ili asinipotezee vocha.

Basi asubuhi moja nikarudisha ile amri niliyoifuta. Soko lilikuwa limeshuka, kidogo tu, si la kutisha. Ukurasa ukawa mwekundu. Saa kumi na mbili na nusu ikasoma moja, na kabla sijaweka sufuria jikoni simu ikaita.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Unaumwa?"

Miaka yote nilikuwa na jibu moja kwa swali hilo.

"Naumwa, mama."

"Wapi?"

"Nimekukumbuka."

Nilisikia kuku wake, na mtu anafagia uani kwa jirani.

"Basi njoo," alisema. "Nitakuwa nyumbani."